Jumba la Mgiriki Linauzwa

Ngulyati, Bariadi
6 Oktoba 2024

Machibya,

Salamu sina. Zilizokuwepo nimempa mgeni aliyekuja jana na utepe wa kupimia, kwa sababu yeye angalau alibisha hodi.

Nilikuwa nafua mashuka ya kijumba namba moja. Gari likaingia, akashuka mtu wa viatu vyeupe, akaanza kupima baraza. Nikamuuliza kama anataka kushona mapazia. Akasema ametumwa na mnunuzi, kwamba jumba na vijumba vyote vitano vya wageni vinauzwa, na tangazo liko kwenye mtandao, watu wameshaliona. Wameliona wote isipokuwa mimi ninayelala humu.

Nimekaa hapa miaka kumi na minane. Bati lilipong'oka upande wa mashariki nilipanda mwenyewe na misumari mdomoni. Wanunuzi wa pamba wakija msimu wa pamba, ni mimi ninayewachemshia maji ya kuoga. Wazungu wa kwenda mbugani wakilalamika popo, ni mimi ninayewafukuza popo. Wewe unapiga simu Jumapili na kuuliza kama kuna mvua.

Najua hati iko kwa jina lako. Baba aliiandika hivyo kwa kuwa wewe ndiye mwanamume, na mimi sikufungua mdomo. Lakini siku ileile alituambia, mayu, mama aliyetuzaa, akiwa amekaa pale akisikia, kwamba karatasi ni ya Machibya na nyumba ni ya wote. Au na hilo umelisahau?

Wakati wa Pasaka nilikuwa Binza kumuuguza shangazi aliyevunjika nyonga. Ukanipigia ukasema umepita hapa, umekaa kwenye kaburi la mayu saa nzima, umeng'oa magugu. Nilikushukuru mpaka nikalia. Niliporudi nilikuta magugu palepale. Nikajiambia labda yameota tena. Sasa najiuliza ulikuja kung'oa magugu au ulikuja kupima.

Simu yako nimeifunga. Nikisikia sauti yako utanibembeleza kama kawaida yako nami nitalainika. Kwenye karatasi hujui kubembeleza. Ukiwa na la kusema andika, mpe kondakta wa basi la Bariadi, nitaifuata stendi.

Dada yako, kama bado unaye,
Justina


Kimara, Dar es Salaam
13 Oktoba 2024

Dada Justina,

Shikamoo. Mimi nasalimia, maana nililelewa.

Ndiyo, nauza. Nilikuwa nije kukuambia ana kwa ana, Marcelo akawahi kumtuma mtu. Marcelo ni dalali wa pale Bariadi, ni mtu mzuri ila ana haraka. Kwa hilo nakuomba radhi. Kwa kuuza siombi radhi.

Una miaka hamsini na minane. Unabeba ndoo za wageni wenye umri wa watoto wako. Jumba linavuja, popo wameshinda, na kile kitanda cha namba tatu kilikuwa kinalia tangu sijaoa, ukaniambia umekirekebisha. Nataka ukae mjini Bariadi, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye bomba ndani. Je, huo ndio uadui?

Tangazo lenyewe nakuwekea humu ulisome, usije ukasema nilikuficha:

JUMBA LA KIHISTORIA LINAUZWA. Ngulyati, Bariadi. Lilijengwa mwaka 1936 na mfanyabiashara wa pamba Mgiriki. Vyumba sita, baraza pande tatu, sakafu nyekundu ya enzi hizo, kisima, ghala, vijumba vitano vya wageni. Mbele ya jumba kuna bustani ya mawe ya duara yenye mlango mdogo, mahali patulivu pa kupumzisha mawazo jua linapozama. Majirani wakarimu.

Picha ni zile ulizonitumia mwaka jana za kuwaonyesha wageni. Ile bustani ya mawe umeitengeneza vizuri, mnunuzi ameitaja mara mbili.

Kuhusu makaburi usiwe na wasiwasi. Nimemwambia Marcelo kipande chote cha nyuma ya ghala, chini ya mwarobaini, walipolala baba na mayu, kinabaki kwetu na kitazungushiwa ukuta. Hilo limo kwenye makubaliano. Kinachotakiwa sasa ni sahihi za majirani wa mipaka minne, serikali ya kijiji haipitishi mauzo bila hizo. Mwambie jirani yetu Bundala awakusanye, wewe anakusikiliza.

Na usinifundishe uchungu. Mayu alipofariki niliomba siku tano. Tano tu. Mkamzika bila mimi, mwanawe wa kiume wa pekee, kama vile nimekufa kabla yake. Miaka miwili nimenyamaza. Kwa hiyo unapouliza nimesahau nini, kwanza niulize nakumbuka nini.

Mdogo wako,
Machibya


Marcelo, Dalali wa Nyumba na Mashamba
Bariadi Mjini
17 Oktoba 2024

Kwa Bi Justina Ngassa,

YAH: UJIO WA MNUNUZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwa heshima na taadhima nakujulisha kuwa mnunuzi wa jumba atafika mwenyewe Ijumaa tarehe 15 Novemba saa nne asubuhi, akiwa na fundi wake. Naomba vijumba viwe vimefagiliwa na mbwa afungwe.

Mnunuzi amevutiwa mno na mandhari. Ana mabadiliko machache tu. Bustani ya mawe iliyo mbele ya jumba itaondolewa, kwa kuwa hapo ndipo penye usawa mzuri wa kuchimba bwawa la kuogelea. Kama una mapenzi na mawe hayo, mnunuzi hana kinyongo, unaweza kuyachukua.

Nakutakia kazi njema.

Marcelo


Ngulyati
20 Oktoba 2024

Machibya,

Barua yako na ya dalali wako nilizipokea siku moja stendi. Nimezisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za baraza, na nilipomaliza nilicheka mpaka Bundala akavuka kutoka kwake kuja kuuliza kuna nini. Sikuwa na furaha yoyote.

Hapa hakuna bustani ya mawe. Mawe yale ni ya kaburi la mayu. Yuko chini yake.

Nyuma ya ghala yupo baba peke yake. Ungekuwa umekanyaga hapa hata dakika moja tangu mayu azikwe ungelijua hilo. Kumbe Pasaka hukuja. Ulikaa wapi hiyo saa nzima uliyoniambia? Uling'oa magugu ya nani? Mimi nililia kwenye simu, Machibya, nikakuita mtoto mwema. Umelitangaza kaburi la mama yako, picha yenyewe ya kupewa, ukaliandika mahali pa kupumzisha mawazo, na sasa kuna mtu anataka kumfukua ili aogelee.

Usiniambie hakuna msalaba. Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa mwaka wa kwanza. Nikakuambia, ukasema utaleta wa chuma. Nausubiri.

Kwa nini yuko mbele? Kwa sababu alitaka. Alikuja hapa ana miaka kumi na minne kusugua baraza la Mgiriki, na alikuwa anaingilia mlango wa nyuma. Mbele, penye ngazi, hakuruhusiwa kukanyaga ila akiwa amepiga magoti na brashi mkononi. Mgiriki alipoondoka na baba akalinunua jumba, mayu hakulala ndani hata siku moja. Alijichagulia kijumba namba tatu mpaka pumzi ya mwisho. Lakini wiki ile ya ugonjwa aliniambia hivi: "Mnilaze mbele. Kila anayeingia aanzie kwangu." Hicho ndicho alichoomba kwa maisha yote aliyosugua.

Sasa nikueleze na huo mlango wako mdogo. Siku ya maziko kila kaya ya nzengo yetu, hawahawa majirani tunaozikana na kulimiana, ilileta jiwe moja ili mvua isichukue udongo. Kaya thelathini na moja, mawe thelathini na moja. Tulipofunga duara Bundala akasema tuache nafasi ya jiwe la Machibya, atakuja. Tukaiacha. Nimefagia hapo miaka miwili. Wageni wakiniuliza mbona pako wazi nasema ni pa ndugu yangu, yuko njiani.

Ulitaka siku tano. Mayu alifariki Jumamosi, na mvua ya kwanza ya kupandia ilikuwa imenyesha Ijumaa. Umesahau kwamba kwetu msiba ukiwepo hakuna anayeshika jembe? Kaya zote hizo zilikaa Jumapili, Jumatatu na Jumanne, ardhi inakauka, mbegu ziko ndani, wakikusubiri wewe. Hakuna aliyenung'unika. Jumatano asubuhi Bundala alikuja akasimama mbele yangu, akaitazama mbingu. Mimi ndiye niliyesema tuzike. Ukitaka wa kumchukia usihangaike, ni mimi.

Ulipopiga simu alasiri ile nikakuambia tumeshafukia. Ulijibu "sawa", ukakata. Sawa! Neno moja, kama mtu aliyeambiwa basi limejaa.

Sahihi za mipaka sahau. Nimemsomea Bundala tangazo lako, amewaeleza wenzake. Wamesema hao majirani wakarimu uwafuate mwenyewe, na uje na jembe, kwa sababu siku tatu walizokaa bila kupanda bado ziko kwako.

Justina


Kimara
8 Novemba 2024

Dada,

Nimeandika barua hii mara nne. Hii nimeamua kuifunga ilivyo.

Nilidanganya. Pasaka nilifika mpaka njia panda. Kondakta akauliza nani anashuka, nikanyamaza, gari likaendelea na mimi. Nilishuka mbele huko, nikakupigia simu, nikayasema yale niliyoyasema. Sina la kujitetea.

Lakini na wewe kuna jambo hulijui, na kwa sababu umeniandikia lile "sawa" kwa kejeli nitakuambia.

Mwaka ule nilikuwa Mtwara kwenye maghala ya korosho, unakumbuka. Niliomba siku tano kwa kuogopa barabara. Niliondoka Jumamosi ileile. Sikulala hoteli hata mara moja. Jumatano asubuhi nilikuwa Mwanza, nikanunua jeneza la mninga, kubwa, lenye vishikio vya shaba, kwa sababu mayu maisha yake yote alitumia vitu vya watu wengine na nilitaka hicho kiwe kipya na kiwe chake. Nikakodi pikapu. Simu ilikuwa imezima tangu Singida. Tulipofika Lamadi nikaomba chaji kwa mama mmoja muuza samaki, anaitwa Esteria. Ilipowaka nikakupigia. Nilitaka kukuambia niko Lamadi, waambie nzengo nakuja, jioni nipo. Wewe ukawahi. Ukasema tumeshafukia.

Nilisema sawa kwa sababu nilikuwa nimesimama barabarani na jeneza tupu na watu wa Lamadi wananitazama. Ulitaka niseme nini?

Esteria aliniletea kiti. Jeneza tuliliingiza kwenye banda lake la dagaa. Wiki iliyofuata kuna bibi alifariki mtaani kwao, hawana kitu, akanipigia kuniomba, nikampa. Huyo bibi jina lake sikuuliza. Mke wangu mwenyewe hajui habari hii.

Tangu hapo nikiliona lile jumba hata kwenye picha nasikia sauti yako ikisema tumeshafukia. Ndiyo maana nilitaka liondoke. Habari ya bomba ndani ni kweli pia, lakini ya kwanza ni hii.

Sijatubu kuhusu kila kitu. Bado naamini mngeweza kungoja hadi jioni ile. Mliniacha nje ya mlango kwa saa chache, na mimi nimekaa nje miaka miwili.

Mnunuzi anakuja tarehe 15 na makubaliano ya awali nilishasaini. Sijui nitamwambia nini.

Machibya


Ngulyati
9 Novemba 2024

Machibya,

Wiki tatu. Nimekwenda stendi mara tano, makondakta wananionea huruma. Nilidhani mtu akiambiwa amemweka mama yake sokoni atajibu, hata kwa matusi. Ungenitukana ningefurahi.

Basi sikiliza. Jana mvua ilianza. Maji yalikuwa yanaingia pale penye pengo na kuchimba udongo. Nimesimama nikayatazama, nikaona nimefagia nafasi ya mtu asiyekuja miaka miwili mizima, nikajionea aibu. Nimekwenda jikoni nikachukua jiwe la kusagia la mayu, lile lililobonyea katikati, aliloniachia mimi. Nimeliviringisha mwenyewe kutoka jikoni mpaka mbele. Kucha mbili zimekwenda. Nimeziba.

Wana nzengo wote wamejua. Bundala hakupenda, lakini amesema jiwe likishawekwa pale haliondolewi na mtu mwingine ila aliyeliweka.

Kwa hiyo rekebisha tangazo lako. Mlango mdogo haupo.

Huyo mnunuzi aje tu. Mbwa sitamfunga.

Justina


Kijumba namba tatu
15 Novemba 2024, saa saba mchana

Dada,

Napitisha karatasi hii chini ya mlango wako kwa kuwa umekataa kufungua. Nilikuona dirishani. Umenenepa, inakupendeza.

Kama ulikuwa unachungulia, uliona. Mnunuzi alishuka na fundi wake, Marcelo akiwatangulia na mwavuli. Niliwasimamisha penye mawe. Nikamwambia hii si bustani, ni kaburi la mama yangu, na aliyeandika tangazo ni mimi mwanawe, na siuzi tena. Nilitegemea afoke. Alivua kofia. Akaniuliza ilikuwaje nisijue, nikamwambia sikuwahi kuja. Alirudi kwenye gari taratibu, na nadhani aliona aibu kwa niaba yangu. Marcelo ndiye aliyefoka. Ameniita majina ambayo hayamo kwenye barua zake. Tangazo nimelifuta nikiwa hapohapo kwenye ngazi.

Jana nililala Lamadi. Esteria alinisindikiza ziwani nikachukua jiwe, nimelipakata kwenye gari mpaka hapa, suruali yote tope. Nikakuta pamezibwa. Nilijua ni jiwe gani kabla sijainama. Mimi nimekula ugali wa jiwe lile kuliko wewe.

Hasira niliyoipata sikuwahi kuipata maishani. Nilikuwa nimeshalishika nilitupe, Bundala akanigusa bega. Akaniambia masharti. Nikaliacha. Langu liko pembeni, kwenye majani.

Siwezi kukuomba msamaha nikiwa nimenuna hivi, utakuwa wa uongo kama ule wa Pasaka. Nakuomba jambo moja tu. Lile jiwe uliliweka wewe, na ni wewe pekee unayeweza kuliondoa. Ukikataa nitaelewa, nitapanda gari la asubuhi na langu nitaliacha hapo kwenye majani.

Sijui kwa nini nimechagua namba tatu. Kitanda bado kinalia.

Machibya


Jumba kubwa
15 Novemba 2024, jioni

Machibya,

Barua yako ya tarehe 8 nimeletewa na mtu wa stendi leo saa tisa, wewe umeshafika na umeshaninunia. Nimeisoma nikiwa nimeegemea mlango huuhuu. Kitanda kinalia kwa sababu mayu alinikataza kukirekebisha. Alisema kikinyamaza ataona yuko peke yake.

Nina hasira na wewe kuliko siku niliyosoma tangazo. Niko Lamadi. Maneno mawili. Ungeyasema hayo mawili ningeingia mle shimoni mwenyewe na kuutoa udongo kwa mikono, nzengo yote ikitazama, mpaka umwone. Ningemlaza kwenye jeneza lako na angezikwa upya. Badala yake ulisema sawa, na mimi nimeishi na hiyo sawa yako miaka miwili nikidhani nina ndugu wa barafu. Sijui hilo nitalisamehe lini. Leo si siku yake.

Wakati unaoga nilitoka. Jiwe la kusagia nimelirudisha jikoni, nina mtama wa kusaga na siwezi kukaa bila jiwe kwa ajili ya ugomvi wako. Usinishukuru.

Pengo liko wazi. Weka jiwe lako kabla mvua haijarudi, ulikandamize vizuri, upande uliobapa uwe chini. Mimi nitakuwa barazani, lakini usinisalimie.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi utaanza kulima kwa Bundala, kesho kutwa kwa mjane wa jirani yake, na siku ya tatu watakupangia wao. Jembe liko nyuma ya mlango wa hicho kijumba ulimo. Ni alilokuwa akilimia mayu, mpini ni mfupi, utaumia mgongo.

Ukirudi utakuta ugali.

Justina